Shusha Pumzi: Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Miwani ya VR na Mkanda wa Pumzi

Toleo lililopita tulieleza zoezi la kupumua taratibu, pumzi sita kwa dakika, huku mkanda wa tumboni ukisoma pumzi na miwani ya uhalisia pepe (wengi mnaiita VR tu, nasi tutaiita hivyo) ikimwonyesha mvaaji anavyopumua: akivuta anapaa, akitoa anashuka. Barua zikamiminika. Tumechagua nane. Majina tumeyaacha kwa ombi la wengi wenu.

Shikamooni. Nafanya kazi huduma kwa wateja Dar es Salaam, napokea simu asubuhi mpaka jioni. Kampuni imetuwekea miwani mbili za VR chumba cha mapumziko. Ukivaa unajikuta chini ya bahari, samaki wanapita, muziki laini. Baada ya dakika kumi natoka mwepesi kabisa. Nikirudi mezani, simu ya tatu tu roho iko juu tena. Miwani ndiyo mbovu au mimi?

Marahaba, dada. Wewe huna ubovu wowote. Kwanza ipe miwani mtihani wa sekunde tano: ukiwa ndani ya hiyo bahari, zuia pumzi. Kama majani yanaendelea kuyumba na wewe unaendelea kuelea vilevile, basi ulichovaa ni sinema ya bahari. Si kitu kibaya, ila ni burudani, na burudani huishia pale unapotoka ukumbini. Mrejesho wa mwili ni jambo jingine: kifaa kinasoma kitu kimoja mwilini mwako na kukuonyesha papo hapo, ili ukirekebishe wewe mwenyewe. Bila mkanda au kihisi kingine, miwani haijui hata kama unapumua.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1995 msanii wa Kanada, Char Davies, ambaye ni mpiga mbizi, alitengeneza Osmose: mtu alivaa fulana yenye vihisi, akivuta pumzi anapanda, akitoa anazama, akitaka kwenda upande anaegemea. Ndivyo mpiga mbizi mwenye mtungi anavyojisawazisha majini. Baadaye Owen Harris wa Ireland na Niki Smit wa Uholanzi wakabuni DEEP, mchezo wa kuelea chini ya bahari kwa mkanda unaohisi tumbo likitanuka. Inawezekana bahari yenu ofisini ni jamaa ya hiyo, ila mtu alisahau kununua mkanda.

Sasa kwa nini pumzi sita? Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uvute polepole na kutoa polepole. Utahisi moyo unaharakisha kidogo ukivuta na kutulia ukitoa. Wakati huohuo, mishipa mikubwa ya shingoni na ule unaotoka moyoni ina vihisi vya presha: presha ikipanda, moyo huambiwa upunguze, ikishuka, uongeze. Duru hiyo huchukua kama sekunde kumi kukamilika. Pumzi nayo ikichukua sekunde kumi, mawimbi mawili yanakutana, kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati wake: nguvu kidogo, bembea inakwenda juu. Evgeny Vaschillo, aliyeanzia kazi hii Urusi, na Paul Lehrer wa Marekani ndio walioigeuza kuwa utaratibu wa mafunzo, na mwongozo wao ulichapishwa mwaka 2000. Kwa hiyo kazi inafanywa na pumzi. Miwani inakufichia ofisi kwa dakika chache na kukuonyesha kitu ambacho kwa kawaida hukioni.

Fanya hivi. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili sakafuni. Vaa mkanda kwanza, miwani baadaye. Miwani ikae kwenye paji la uso na mashavu. Ikikandamiza pua utaanza kupumulia mdomo bila kujua, na zoezi limeharibika. Sogeza lenzi mpaka maandishi yasomeke bila ukungu: miwani ya Meta Quest 2 ina nafasi tatu tu za umbali kati ya lenzi na lenzi, milimita 58, 63 na 68, Quest 3 ina gurudumu la kuzungusha. Dakika mbili za mwanzo pumua kawaida, kifaa kijifunze kimo cha pumzi zako. Kisha vuta kwa pua sekunde nne, toa sekunde sita kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama unayepuliza chai ya moto na hutaki imwagike. Usizuie pumzi katikati. Lehrer na wenzake huagiza dakika ishirini mara mbili kwa siku. Kwa mtu wa zamu, kumi asubuhi na kumi jioni si haba.

Na hapa ndipo penye tatizo lako. Dakika mbili za mwisho vua miwani, ubaki na mkanda, fumbua macho, utazame meza yako, usikie simu za wenzako zinavyolia, na pumzi iendelee kwa mwendo uleule. Mtu anayeshusha pumzi baharini tu, ataijua baharini tu. Kuanzia wiki ya tatu weka pumzi moja kati ya simu na simu: nne, sita, ndipo ubonyeze kupokea. Kama ratiba yenu haina hata hizo sekunde kumi, hilo mpelekeeni msimamizi. Hakuna mkanda unaotibu ratiba.

Mimi ni mwalimu, Morogoro. Nilifuata zoezi lenu kwa miwani ya kuazima. Dakika ya nne vidole vikaanza kuchomachoma kama vina siafu, midomo ikafa ganzi, kichwa kikawa chepesi. Shangazi anasema niache, huo ni upepo.

Mwalimu, shangazi hajakosea sana. Ni upepo, ila ni ule unaouvuta mwenyewe kupita kiasi.

Piga hesabu. Mtu aliyetulia hupumua mara 12 hadi 15 kwa dakika, kila pumzi kama nusu lita, jumla lita sita hadi saba na nusu. Pumzi sita za lita moja moja ni lita sita, mambo sawa. Lakini wengi wakiambiwa "vuta taratibu" wanasikia "jaza kifua". Pumzi sita za lita mbili ni lita kumi na mbili, takriban mara mbili ya mahitaji ya mtu aliyekaa kitini. Hewa ya ukaa inatoka haraka kuliko mwili unavyoitengeneza. Ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo inabana, ndiyo maana kichwa kinakuwa chepesi, na neva za vidole na midomo zinashtuka ovyo, ndiyo maana ya hao siafu. Oksijeni hujapungukiwa, kwa hiyo ukivuta zaidi unachochea moto.

Ikitokea, achana na hesabu ya nne kwa sita, pumua kwa pua upendavyo kwa dakika mbili, siafu wataondoka. Ukirudi, vuta nusu ya ulichokuwa unavuta, kama mgeni anayenusa mchuzi wa jikoni na hataki mwenyeji amwone. Mfuko wa karatasi uliokuwa ukishauriwa zamani usiutumie. Kwa mwenye pumu au ugonjwa wa moyo ni hatari.

Kagua na mchezo wenyewe. Mwanzoni programu nyingi hukuagiza uvute pumzi kubwa kuliko zote ili zipime kimo chako, kisha kila mara zinakudai ufike hapohapo ndipo upae. Hiyo ndiyo inayowaponza watu wengi. Wakati wa kupimwa vuta pumzi ya kawaida tu. Utapaa bila kujaza kifua.

Usichanganye hali hiyo na kichefuchefu cha VR. Hicho huja na mate kujaa mdomoni, jasho baridi na tumbo kusokota, kwa sababu macho yanaona safari huku masikio ya ndani yanasema umekaa. Hapo vua miwani mara moja, usijikaze kiume. Safari ijayo chagua mandhari isiyosogea, feni ikupulizie usoni, na usipande pikipiki mpaka kichwa kitulie kabisa.

Habari za kazi. Nasoma chuo cha ufundi Arusha. Nimejitengenezea mkanda wa pumzi kwa kamba ya mpira inayopitisha umeme na bodi ndogo ya kompyuta iitwayo ESP32. Matatizo matatu: mawimbi ni madogo sana, namba zinahama zenyewe hata nikiwa nimetulia, na nikiwasha Wi-Fi kihisi kinakufa kabisa.

Kijana, swali lako limetufurahisha, na majibu yote matatu yapo.

Tuanze na mawimbi madogo. Tunakisia umeshonea mpira kwenye lastiki ya sketi. Lastiki inavutika, hivyo inameza mtanuko wa tumbo kabla haujafika kwenye kihisi. Tumia utepe wa mkanda wa begi, ule usiovutika, uzungushe mwili mzima, na pengo la sentimita 10 tu liwe la mpira. Tumbo likitanuka sentimita tatu, zote tatu zinaangukia kwenye huo mpira. Angalia pia rezista uliyounganisha nayo. Sentimita 10 za kamba ya milimita 2 zina takriban kiloomu 1.5, na zikivutwa hivyo zinafika kama 2. Michoro mingi mtandaoni ina rezista ya kiloomu 10. Kwa umeme wa volti 3.3 hiyo inakupa tofauti ya kama volti 0.12 kati ya kuvuta na kutoa. Weka ya kiloomu 2.2, iliyo karibu na ukinzani wa mpira wenyewe, utapata kama 0.23. Umeongeza wimbi karibu mara mbili kwa kubadilisha kipande cha shilingi chache.

Wi-Fi: kwenye ESP32 ya kawaida, pini za kundi la pili la kusomea volti hazifanyi kazi redio ya Wi-Fi ikiwa hewani. Hamishia waya kwenye mojawapo ya pini 32 hadi 39. 34 inafaa sana. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na ardhi, soma mara 16 na uchukue wastani, ukifanya hivyo mara 25 kwa sekunde. Zaidi ya hapo ni kupoteza betri. Pumzi si muziki.

Namba kuhama ni tabia ya mpira. Ukishavutwa haurudi papo hapo, unajikunja polepole kwa dakika nzima au zaidi, na joto la mwili linauongezea uvivu. Huwezi kuuzuia, kwa hiyo usiutegemee ukupe namba kamili. Katika programu yako weka wastani unaotembea wa sekunde 30 na uutoe kwenye kila usomaji. Kisha chukua kilele na bonde la pumzi tatu za mwisho, uzigeuze kuwa kipimo cha 0 hadi 1, hicho ndicho ukitume kwenye miwani. Ukitumia pumzi moja tu kujipimia, kikohozi kimoja kitamrusha mchezaji mawinguni.

Usilehemu waya kwenye mpira, utaungua. Vibanio vya meno ya mamba vinafaa mezani, lakini mwilini vinalegea na kila kulegea kunaonekana kama pumzi. Banisha ncha kwa terminali za pete, kisha ushonee kwenye utepe ili mvuto ubebwe na uzi, waya usivutwe. Na wakati mkanda uko mwilini mwa mtu, umeme utoke kwenye pawabenki, usichomeke chaja ya ukutani. Chaja za bei ya chee huvujisha. Pawabenki nyingine hujizima zikiona bodi inanyonya umeme kidogo, kwa hiyo ijaribu dakika ishirini kabla ya kumlaumu ESP32.

Mkanda ukae usawa wa kitovu au vidole vitatu juu yake, nje ya fulana nyepesi. Kwa anayevaa buibui, uwe ndani ya buibui juu ya gauni. Ukae kiasi cha kuingiza vidole viwili. Na usisahau kwamba umetengeneza kipimo cha pumzi. Msongo wa mawazo hakipimi; mtu anayecheka, anayeinama na anayeongea wote wataonekana wana wasiwasi.

Assalaam alaykum. Niko Muscat. Saa yangu ya mkononi inanionyesha tofauti ya mapigo ya moyo: leo 41, kesho 28, keshokutwa 55, na mazoezi ya pumzi nafanya kila siku. Naona sasa saa yenyewe ndiyo inayonitia msongo.

Waalaykum salaam. Basi leo usiku ivue.

Namba hiyo ni milisekunde: inaeleza muda kati ya pigo na pigo unavyopanda na kushuka. Saa inaukisia kwa kumulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kutazama damu inavyopita. Mkono ukisogea, mkanda wa saa ukilegea, au ngozi ikiwa baridi kwa kiyoyozi, mapigo yanaponyoka. Ngozi nyeusi nayo humeza mwanga wa kijani zaidi, hivyo kwa wengi wetu ishara inaanza ikiwa dhaifu. Na pigo moja tu likikosewa linaweza kuharibu hesabu ya dakika tano. Ukitaka namba ya kuaminika tumia mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo wenyewe, kama Polar H10, uulowanishe kwa maji sehemu zinazogusa ngozi. Ukivaliwa mkavu unasoma upuuzi kwa dakika za mwanzo mpaka jasho litoke. Kihisi cha kidoleni chenye mwanga mwekundu na wa infraredi kinafaa pia, mradi usikibonyeze: ukikandamiza, damu inakimbia kidoleni na wimbi linapotea.

Halafu pima kwa adabu. Asubuhi baada ya kuamka, kabla ya kahawa, umekaa, dakika tano, ukipumua kawaida. Linganisha wastani wa wiki na wiki. Usingizi mbovu, homa, chakula cha usiku sana, yote hushusha namba, wala hayana uhusiano na juhudi zako. Usilinganishe na ya jirani. Umri peke yake unatosha kuzitenganisha.

Kitu ambacho wauzaji hawapendi kukisema: namba inayopanda *wakati wa* zoezi si ushahidi kwamba msongo umeondoka. Kupumua polepole kwenyewe kunalikuza lile wimbi. Ni kama kujipima uzito ukiwa umebeba gunia ukajisifu kunenepa.

Kitu kimoja kinachofaa kupimwa wakati wa zoezi ni mwendo wako binafsi, maana sita ni wastani tu. Ukiwa na mkanda wa kifuani na programu inayochora mapigo, pumua dakika mbili mbili kwa mwendo wa 6.5, kisha 6, 5.5, 5 na 4.5 kwa dakika. Kwa sekunde, hizo ni pumzi za takriban 9, 10, 11, 12 na 13. Ule unaochora mawimbi marefu na laini kuliko mengine ndio wako. Warefu wa kimo mara nyingi huangukia mwendo wa polepole zaidi. Ukigongana na miwili inayofanana, chukua ule usiokuchosha.

Habari zenu. Niko Nairobi. Mwanangu ana miaka tisa, gredi ya nne, na kila kukiwa na mtihani tumbo linamuuma na hali chakula. Nimuagizie Quest?

Hapana, mama. Kampuni ya Meta yenyewe, inayoitengeneza, hairuhusu akaunti ya mtoto aliye chini ya miaka 10, na wa 10 hadi 12 lazima awe chini ya akaunti ya mzazi; miwani ya PlayStation VR2 ni kuanzia 12. Macho ya mtoto yako karibu karibu kuliko lenzi zinavyoweza kusogezwa, na nusu kilo usoni ni mzigo kwa shingo ya mtoto. Ni kweli watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, wamejaribu DEEP na watoto, lakini ule ni utafiti unaosimamiwa, si zawadi ya Krismasi ya kuachwa chumbani.

Mnunulie mapovu ya sabuni. Akipuliza kwa nguvu povu linapasuka. Akipuliza taratibu na kwa muda mrefu linakua. Hapo povu ndilo linalomwambia anavyopumua, na mtoto hahitaji kuelezwa zaidi. Dakika mbili kabla ya kufungua daftari, shindaneni nani atatoa povu kubwa. Ila tumbo likiendelea kumuuma hata wakati wa likizo, mpeleke kwa daktari. Si kila tumbo ni wasiwasi.

Wanangu, hamjambo. Mimi ni mzee wa Tanga, miaka 63, nina presha na natumia vidonge, kimojawapo cha kupunguza mwendo wa moyo. Kijana wangu aliye Kanada anataka kuniletea hiyo miwani. Nikiizoea naweza kupunguza vidonge?

Shikamoo mzee. Vidonge usiviguse bila daktari wako. Ni kweli kupumua polepole hushusha presha kidogo kwa baadhi ya watu. Kifaa kiitwacho RESPeRATE, kinachoongoza pumzi kwa sauti, kiliruhusiwa Marekani mwaka 2002 kwa kazi hiyohiyo. Lakini kiliruhusiwa kama msaidizi wa matibabu, na msaidizi hakai kiti cha bosi. Pima presha kabla ya zoezi na siku hiyohiyo jioni, andika kwenye daftari, na daftari liende kliniki.

Hicho kidonge cha kupunguza mwendo wa moyo kinaweza kuyabadilisha mawimbi ya mapigo yanavyoonekana kwenye skrini. Usidhani umeshindwa. Fuata mkanda wa pumzi, michoro ya moyo achana nayo. Ukimaliza, kaa dakika mbili kabla ya kusimama.

Kwa wengine walioandika kuhusu maradhi, kwa ufupi. Mwenye kifafa asivae miwani kabla ya kuongea na daktari. Mwenye moyo usio na mpangilio, au aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo, namba za tofauti ya mapigo hazimhusu kabisa. Tena miwani na vishikio vyake vina sumaku, wa kifaa asiviweke karibu na kifua. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu. Na mtu aliyepitia jambo la kutisha, kufungiwa macho gizani kunaweza kumrudishia lile jambo. Huyo aanze macho wazi, bila miwani, akiwa na mshauri nasaha.

Tunaendesha kituo cha vijana Mombasa. Miwani yetu imetokea madoa meusi katikati ya kioo, na wasichana wanasema haikai vizuri juu ya mtandio. Tumekosea wapi?

Mmeiweka dirishani, au ndani ya gari. Lenzi za miwani hukusanya jua kama lenzi ya kuchomea karatasi, na dakika chache tu zinatosha kuunguza kioo kilicho nyuma yake. Doa hilo halitoki, hakuna fundi atakayelifuta. Ikivuliwa ilazwe uso chini au irudi kwenye boksi.

Mtandio: vaeni ule wa pamba usioteleza, fundo lisiwe kisogoni, na mkanda wa miwani upite juu ya mtandio chini ya nundu ya kisogo. Mwenye rasta au mabutu afungue gurudumu la nyuma mpaka mwisho kabla ya kuvaa, akaze baadaye. Wekeni kifuniko cha silikoni cha usoni. Hicho kifutwe kwa spiriti ya asilimia 70 kila baada ya mtu. Lenzi isiguswe na spiriti, itapoteza utando wake: ni kitambaa kikavu cha miwani, kwa mzunguko kuanzia katikati kwenda nje. Ikiingia ukungu kwa kutoka kwenye kiyoyozi, iacheni dakika tano ipate joto la chumba.

Niko Kigoma, sina miwani wala sitainunua. Nina simu tu. Mimi nifanye nini?

Ndugu, wewe unakosa kidogo sana. Kisanduku cha karatasi cha kuvalia simu usikihangaikie. Lenzi zake ni duni na simu isiyo na jairoskopu itakuonyesha picha inayoganda kichwa kikigeuka. Wala usitumie programu zinazosikiliza pumzi kwa maikrofoni kama chumba kina feni, zitahesabu feni.

Pakua phyphox, programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Chagua kipimo cha mchapuko pamoja na graviti. Lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, laza simu tumboni, nusu yake ya juu ikiwa juu ya kitovu na kichwa chake kikielekea kidevuni. Bonyeza kuanza. Tumbo likipanda simu inainama kidogo, na kwenye mhimili wa y utajichora mlima, likishuka, bonde. Hesabu moyoni nne ukivuta na sita ukitoa, au tegea saa ya ukutani inayogonga sekunde. Usinyanyue kichwa kuchungulia, tumbo litakaza na mchoro utaharibika. Baada ya dakika tano simamisha, ndipo utazame. Milima inayofanana, kila mmoja sekunde kumi kutoka kwa mwenzake, ndiyo unayoitafuta. Mlima wenye meno meno juu maana yake unavuta kwa mikupuo. Mabonde makali upande mmoja maana yake unaiachia pumzi ghafla badala ya kuitoa, na hilo ndilo kosa la kila anayeanza. Kesho vuta pumzi ndogo kuliko ya leo, halafu uitoe kama unayehurumia mshumaa usizimike.